Sekunde za Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa mikeka amegawa madaftari leo. Wasichana kumi na wawili, madaftari kumi na matatu. Kila mmoja aandike kila siku mwili wake unasemaje. Mwili useme! Wangu ukipewa nafasi ya kusema utatukana. La kumi na tatu lilibaki juu ya benchi, nimelichukua. Sijaambiwa niandike. Shule niliacha darasa la nne, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anaubandika ukutani, wengine wauige. Naandika polepole. Lakini nina ya kusema na humu hakuna wa kunikatiza.

Kwanza hili. Ukumbi ule ni wangu. Funguo ninazo mimi, wavu naufunga mimi, mipira naijaza upepo mimi. Miaka ishirini na sita nilikuwa kocha wa timu hii ya wasichana. Na kabla ya hapo nilikuwa mpigaji mwenyewe. Nikiruka kupiga, watu wa viti vya mbele walikuwa wanaziba nyuso. Waulizeni walio hai.

Mwaka jana wakaleta kocha mwingine. Kijana. Filimbi haimtoki shingoni hata akinywa chai, basi mimi namwita Filimbi. Alinishika mkono kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akasema mzee utabaki nasi kama mshauri. Tangu siku hiyo hajaniomba ushauri hata wa kufungua dirisha.

Sasa huyo Filimbi ndiye kamleta mwalimu wa mikeka. Mwanamke mwembamba, sauti ya chini, anatembea peku kwenye sakafu yangu. Atawafundisha wasichana yoga. Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Ndiyo mazoezi ya nguvu hayo! Zile ngazi za nje nilizokuwa nawapandisha na mfuko wa mchanga mgongoni — zimefutwa. Nikauliza, na kuruka je? Filimbi akasema siku hizi, mzee, watu wanaruka kwa akili.

Nimetoka kabla mdomo haujaniponyoka.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Paa linavuja pale kwenye mstari wa nyuma. Nimeweka ndoo mbili. Magoti leo — basi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa mlangoni pa stoo nimewatazama mwanzo mpaka mwisho. Viatu wamevipanga ukutani kama wamekwenda msibani. Mikeka safu mbili. Wanavuta pumzi, wanatoa pumzi. Kuna kuinama makalio juu, wanaita mbwa anajinyoosha. Kuna kusimama mguu mmoja, wanaita mti. Na mwishoni — hili nimeliona kwa macho yangu — wanalala chali, mikono wazi, macho wamefumba, kimya. Nikauliza hiyo ni nini. Mwalimu akasema, hiyo ni maiti, Babu.

Maiti! Mimi wa miaka sabini na moja naikataa kazi hiyo, watoto wa miaka kumi na sita wanaifanyia mazoezi!

Kiroboto, yule mfupi anayeokota mipira ya nyuma, mdomo mrefu kuliko miguu, akainua kichwa. Babu Wavu, njoo ulale na wewe, mkeka upo. Nikamwambia mimi nikilala hivyo mtanizika kabla hamjaniuliza. Wakaangua kicheko wote, maiti kumi na mbili zinacheka. Hata mwalimu. Hapo nilifurahi kidogo, sikatai.

Mjukuu wangu yumo. Wanamwita Mnara. Mtoto wa binti yangu, tunaishi watatu, mimi na mama yake na yeye, vyumba viwili ghorofa ya pili. Urefu kachukua kwangu, mkono kachukua kwangu. Mwezi wa kwanza aliruka kuzuia mpira, akatua juu ya kiatu cha mwenzake, goti la kushoto likazunguka. Wiki tatu hakucheza. Nyumba ilikuwa kama kuna mgonjwa mahututi.

Mwalimu kamgusa goti leo kamwambia, hili halijavunjika ila limesahau kazi yake. Linatikisika. Lazima lifundishwe upya kusimama kabla halijafundishwa kuruka. Kisha kawatangazia wote sheria yake: kila Jumamosi kipimo. Mguu mmoja, mikono kifuani, macho umefumba. Anayeshindwa kufika sekunde ishirini, mguu wowote ule, wiki hiyo haruki. Mkeka tu.

Halafu akanigeukia mimi. Babu, saa utashika wewe. Mimi mikono yangu inakuwa imejaa, na wewe una jicho.

Nimekubali kabla hajamaliza. Saa ya kupimia ninayo, tangu enzi zangu. Haijawahi kukosea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu nyumbani ule mti. Nimefunga mlango kwanza. Kulia, sekunde mbili. Kushoto nilishika kabati, kwa hiyo haihesabiki. Sakafu ya nyumba hii ina mteremko, nilishamwambia mwenye nyumba siku nyingi.

Jumamosi, 8 Machi

Kipimo cha kwanza. Nimeweka meza yangu kwenye kona, karibu na stoo. Wanakuja mmoja mmoja, wengine wanaendelea kwenye mikeka na mwalimu. Anayepimwa hajui amesimama muda gani, maana macho kafumba na mimi sihesabu kwa sauti. Mwalimu alisema hivyo, wasihesabu, wasikilize mguu. Kwa hiyo anayejua ni mimi na saa.

Kiroboto hamsini na mbili, na mwingine arobaini na saba. Na alikuwa anaongea muda wote.

Mnara kulia thelathini na nane. Mguu huo ni mimi mtupu.

Kushoto. Akafumba macho. Akainua wa kulia. Kifundo kikaanza kutetemeka, kama kamba ya wavu mpira ukiigonga. Goti likaingia ndani. Akaweka mguu chini.

Tisa.

Hakuna aliyeona. Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, ananyoosha mtu kiuno. Mnara akafumbua macho. Ngapi, Babu?

Nikaitazama saa. Tisa. Nikaona wiki nzima amelala kwenye mkeka na wenzake wanaruka. Nikaona Filimbi anampa nafasi yake yule mwingine, yule anayepiga mpira kama anafukuza nzi. Nikasema, ishirini na tisa.

Akanirukia shingoni! Akasema, Babu, mimi nilidhani nimeanguka mapema. Nikamwambia ukifumba macho muda unajikunja. Sijui nilikoitoa hiyo. Ilisikika vizuri.

Kwenye karatasi ya mwalimu nimeandika 29. Humu naandika 9, humu niko peke yangu.

Na niseme lingine. Kusimama kama korongo macho yamefumbwa si mpira wa wavu. Nani anacheza amefumba macho?

Jumapili, 9 Machi

Kichwa kinaniuma. Sina la kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Leo karuka! Nilikuwa nashikilia nguzo ya wavu, nimeona kwa karibu. Mpandishaji kaweka mpira juu, mrefu, na Mnara kaufuata huko huko. Kiganja kizima. Mpira umegonga sakafu na kurudi mpaka kwenye paa, vumbi likadondoka. Filimbi kasema mh. Filimbi husema mh mara mbili kwa mwaka.

Mkono ule nilimfundisha mimi, akiwa na miaka minane, na mpira wa matambara.

Nyumbani mama yake alikuwa ameingiza mguu kwenye ndoo. Binti yangu anaoka mikate kwenye kiwanda kidogo hapo nyuma, anasimama mbele ya tanuri tangu alfajiri, akirudi mguu wa kulia anautia maji baridi. Anachechemea. Yeye naye alikuwa mchezaji wangu. Kabla ya Mnara hakuwahi kutokea mchezaji kama yeye. Kwa nini aliacha — ule mwaka wa fainali goti lilikuwa limevimba na mimi nikamwingiza seti ya mwisho. Alitaka mwenyewe. Nadhani alitaka.

Tulishinda. Picha ipo ukumbini.

Akamwuliza Mnara, goti lako linasemaje? Mnara akasema linauma nikitua, lakini mama, mimi nina ishirini na tisa. Mwalimu kasema namba ikiwa juu basi maumivu ni misuli kukakamaa tu, yataondoka.

Nani anapima?

Babu.

Mama yake akakoroga chai. Kijiko kimezunguka kikombeni muda mrefu, na sukari hana, aliacha. Kisha akasema, afadhali wewe una wa kukupima. Mimi sikuwa naye.

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana limenikaa.

Jumamosi, 15 Machi

Sita.

Nilikuwa niandike sita. Kalamu ilishagusa karatasi. Lakini juu yake iko ile 29 kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu anatokaje ishirini na tisa akaenda sita kwa wiki moja? Wangeuliza. Wangempima wao. Nimeandika 34.

Ngapi, Babu? Thelathini na nne. Safari hii hakunirukia. Akaushika mguu, akautazama kama si wake. Akasema, basi mimi ndiye ninayejitisha bure.

Halafu likaja la kunikata maini. Mwalimu kasoma karatasi akapiga kofi moja, kawaita wote. Jamani, mtazameni Mnara. Wiki mbili, kutoka kutikisika mpaka thelathini na nne. Mnaona pumzi inavyofanya kazi? Filimbi akaja, akasoma, akasema mh ya pili ya mwaka. Wakampigia makofi. Wakaipigia makofi yoga! Thelathini na nne nimeitengeneza mimi kwa kalamu yangu, sifa zimekwenda kwa mkeka.

Nimejaza mipira upepo mpaka mmoja umepasuka.

Jumatatu, 17 Machi

Filimbi kasoma barua mbele ya wote. Kocha wa shule moja ya michezo atakuja Jumamosi kututazama tukicheza na timu ya upande wa pili wa mto. Anataka mpigaji mmoja. Atakayechaguliwa anahamia hukohuko, anasoma hukohuko, anafundishwa na watu wanaojua. Mmoja tu.

Hakuna aliyesema jina. Wote wakamtazama Mnara. Mnara akanitazama mimi.

Baadaye kwenye mikeka nikamwona mwalimu kaweka kiganja kwenye goti la kushoto. Kakiacha hapo. Akasema, ajabu, lina joto. Akaja mezani kwangu, akaiangalia karatasi. Akasema, nikiliangalia goti naona hivi, Babu, nikiangalia karatasi naona vingine. Akasimama kidogo. Nilikuwa nafungua fundo la wavu ambalo halikuwa na shida yoyote.

Akaamini karatasi. Akarudi mkekani.

Si mjinga yule mwanamke. Nimemwona anavyotembeza macho kwenye mgongo wa mtu, anajua upande gani amelalia. Kingine, yeye haniiti mzee kwa kunipaka mafuta. Aliniambia nina jicho kwa sababu aliona nina jicho.

Jumatano, 19 Machi

Nimemngoja Mnara nje, kwenye zile ngazi zangu. Nikamwambia, Jumamosi si lazima uruke kila mpira. Cheza nyuma. Mwachie mwenzako seti moja.

Akanitazama kama nimevaa nguo za mtu mwingine. Babu! Wewe? Wewe uliyecheza fainali kidole kimevunjika, umekifunga kwa kamba ya kiatu?

Hadithi hiyo ni yangu. Nimeisimulia mara mia. Mwaka hadi mwaka kidole kinazidi kuvunjika. Kilikuwa kimeteguka, na siyo fainali, ilikuwa mechi ya kirafiki. Na nilitolewa baada ya seti ya kwanza.

Nikamwambia, kidole si goti.

Akacheka. Mzee kijana, unanipima kama nina moyo, eh? Ninao. Akanipiga begani akaenda zake. Kwenye ngazi ya chini kabisa akasita. Akashika ukuta. Akaendelea.

Ningeweza kumwita. Sauti ninayo, nilikuwa nawaita kutoka upande wa pili wa uwanja.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeijaribu saa. Nimeiweka pembeni ya saa ya ukutani, dakika tano nzima. Ziko sawasawa, hazijapishana hata sekunde.

Ijumaa, 21 Machi

Leo asubuhi tumeshuka wote watatu pamoja. Kwa kawaida kila mtu na saa yake ya kutoka. Binti yangu mbele, leo zamu yake inaanza kwa kuchelewa, Mnara katikati, mimi nyuma. Mama anashuka ubavu, mkono ukutani. Mimi nashuka ubavu, miaka sasa. Na Mnara mbele yangu — ubavu. Mkono ukutani. Mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto anauteremsha kama sahani.

Watu watatu, ngazi moja.

Jirani wa chini alikuwa anafagia. Akatutania, leo mmekuwa kaa nyinyi? Mnara akacheka, mama yake naye akacheka. Mama akageuka nyuma bado anacheka, ndipo akamwona mtoto miguu. Kicheko kikakatika.

Akangoja mpaka Mnara alipopinda kona. Kisha akaniambia, Baba, una hakika na namba zako?

Nikamwambia mimi nimeshika saa kabla wewe hujazaliwa.

Hicho ndicho nilichomjibu. Mtoto wangu kaniuliza hakika, mimi nimemjibu umri.

Akasema sawa. Akasema, nimeomba ruhusa kazini kesho, nitakuja. Huyu hajakanyaga ukumbi tangu ile fainali yake. Miaka ishirini. Akipeleka mikate mtaa ule anapita barabara ya nyuma. Nikataka kumwambia usije. Nikataka kumwambia na lile lingine pia. Neno lilifika kwenye meno kabisa. Akawa ameshaondoka, na mwendo wake mimi naujua hata nikifumba macho, mzito, mwepesi, mzito, mwepesi.

Jioni Mnara kapiga pasi jezi. Kaipiga pasi mara mbili. Kafanya zile pumzi zake sebuleni kwetu kwenye zulia, kalala kama maiti, na mimi nimekaa kwenye kiti na gazeti, sijageuza ukurasa.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika hapa hapa mezani. Kazi yangu leo ni kugeuza vibao vya pointi. Daftari nimeliweka chini ya karatasi ya mechi, wataona mzee anaandika mambo ya mechi.

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mwalimu kataka kipimo cha mwisho, kabla hawajapasha mwili. Ukumbi umejaa, wageni wanaingia, viti vinagongana. Mnara kaja kwenye kona. Macho kafumba. Mguu wa kushoto.

Nne.

Ngapi, Babu?

Nikasema nne. Nimesema! Kwa sauti ya kusikika.

Akacheka. Babu acha utani, leo si siku yake. Nikamwambia si utani, ni nne. Akanikazia macho na nikaona kitu kinapita usoni kwake, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta si chumba chake. Mwalimu akasogea. Nne? Wiki iliyopita thelathini na nne. Filimbi naye akaja, saa mkononi, jasho hata mechi haijaanza.

Wote watatu wakanitazama wakisubiri niseme. Ilikuwa ni kusema maneno matatu. Nikasema, labda saa imeharibika.

Nimeiandika nione inavyokaa kwenye karatasi. Labda saa imeharibika.

Filimbi akaicheka. Mzee, saa hiyo ni mkubwa wangu, mwachie apumzike. Wageni wa karibu wakacheka pia. Mwalimu hakucheka. Akamgeukia Mnara, wewe mwenyewe unajisikiaje? Mnara akasema, mimi niko sawa, kwani Babu si kanipima wiki zote hizi? Na kwa sauti ile sijui kama alikuwa anamwambia mwalimu au ananiuliza mimi.

Filimbi akapuliza. Wakaingia.

Seti ya kwanza tumeshinda, ishirini na tano kwa kumi na tisa. Pointi tisa za Mnara. Kocha wa shule ya michezo ni mama mmoja mnene, miwani imefungwa kamba, amekaa safu ya pili. Kila Mnara akipiga anaandika. Naona kalamu yake inavyokwenda. Siku nyingine ningekuwa nimeshapanda juu ya meza.

Binti yangu amekaa karibu na mlango. Kaja na aproni ya kazini, unga mpaka kwenye viwiko. Haangalii mpira. Anaangalia chini, sakafuni, mahali Mnara anapotua.

Seti ya pili, saba kwa saba. Mnara karuka, kapiga, mpira umeingia, watu wamesimama. Katua mguu mmoja. Wa kushoto. Nimesikia mimi, sijui kama kuna mwingine kasikia. Kabaki ameinama, mkono gotini. Kisha akainua kichwa, hakumtafuta Filimbi, hakumtafuta mwalimu. Kanitafuta mimi.

Nilikuwa naandika. Nikainamisha macho nikaandika.

Watu wananipigia kelele, mzee geuza kibao! Geuza kibao! Nimegeuza. Nane kwa saba.

Kumi kwa kumi. Anaruka bado. Anaruka chini kuliko mwanzo, lakini anaruka. Kiroboto kamshika mkono kamwambia kitu sikioni, yeye katikisa kichwa, kaonyesha kidole huku. Kwangu. Kiroboto kanitazama. Hajatabasamu. Sijawahi kumwona yule mtoto hajatabasamu.

Kumi na moja kwa kumi na tatu. Filimbi kaomba mapumziko mafupi. Nusu dakika.

Mwalimu kaja mezani. Peku, karatasi mkononi. Kaiweka juu ya karatasi ya mechi, juu ya mkono wangu. Kaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa. Kaniuliza polepole, kama anavyowaambia wavute pumzi: Babu, hii ishirini na tisa uliiona kwa macho yako?

Bado amesimama. Hana haraka, yeye ndiye peke yake humu ndani hana haraka. Nyuma yake binti yangu ameinuka kwenye kiti. Anakuja huku, katikati ya viti, watu wanakunja miguu apite. Ubavu.

Mnara amekaa kwenye benchi, kamwagia goti maji ya chupa. Ananiangalia.

Nimemwambia mwalimu, ngoja nimalizie mstari huu.

Filimbi ameshapuliza. Wanasimama. Mnara naye anasimama, kajisukuma na mkono. Tisa, mwalimu. Ilikuwa tisa, na ile nyingine sita, na leo saa haina ubovu wowote. Nimeshayaandika. Sasa ni kuyatamka tu, na mdomo ninao, watu wote wanajua mdomo ninao. Binti yangu amefika kwenye meza. Wameweka mpira mkononi mwa mwanzishaji. Mstari ukiisha tu nasimama. Mwalimu kanyoosha mkono anataka kalamu, na mimi bado naandika, bado